Dada Yake Tarumbeta

Mama Mapazia hakuzaliwa na kisasi moyoni. Waliomjua zamani watakuambia alikuwa mwanamke wa kucheka mpaka anashika ukuta, mwenye mikono mipana na ulimi mwepesi. Jina alilipata kazini. Alishona mapazia na vitambaa vya makochi, na kwa miaka mingi ilikuwa vigumu kupata sebule ambayo hakuwahi kuingia na utepe wa kupimia shingoni, akapanda stuli, akapima dirisha, akashuka akiwa ameshajua nani hasemezani na nani katika nyumba ile. "Pazia ni la majirani," alipenda kusema. "Mimi naliona upande wa ndani."

Wazazi walipofariki alibaki na kaka mmoja, mkubwa kwake, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchapa magazeti. Kelele za kiwandani zilimzoesha kupaza sauti hata akiwa amekaa nawe kochi moja, ndiyo maana watu wakamwita Tarumbeta. Mkewe alitangulia mapema, watoto hawakujaliwa, na mapenzi yote aliyobaki nayo aliyaweka kwenye muziki wa jazi. Chumba kizima cha nyumba yake kilikuwa rafu za santuri, kutoka sakafuni hadi darini. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Hata dada yake akija kufagia aliambiwa, "Chumba kile ruka, mama. Vumbi la mle ndani nafahamiana nalo."

Kila Jumapili alasiri Tarumbeta alichukua santuri mbili tatu, akazifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga, akaenda nyuma ya studio ya picha. Pale palikuwa na chumba kirefu ambapo wapenzi wa jazi walikutana: mwenye studio, ambaye wote walimwita Mwenyekiti, dereva mmoja mstaafu, muuza miwani, ndugu wawili wenye duka la rangi, na wengineo waliokuja na kwenda. Walisikiliza, walibishana, kisha walibadilishana. Santuri kwa santuri, CD tatu kwa santuri moja, kila mtu na ujanja wake. Sheria ilikuwa moja tu: mkono ukishapeanwa, mali imehama.

Rafiki mkubwa wa Tarumbeta katika kundi lile alikuwa Profesa. Hakuwahi kufundisha hata chekechea; alikuwa karani wa bima. Ila hakuweza kusikia wimbo bila kuufafanua, na alining'iniza miwani yake kwa mnyororo kifuani kama mtu anayesubiri kusoma hukumu. Walijuana tangu wote wawili wakiwa na nywele. Walikopeshana santuri na kutembeleana, na wakigombana juu ya mpiga saksafoni fulani walinuniana wiki nzima kama mke na mume.

Basi Tarumbeta akapatwa na kiharusi.

Kilimkuta bafuni asubuhi. Kilimwachia uhai, mkono wa kushoto, na macho. Sauti ile iliyokuwa ikisikika hadi barabarani ilikwenda yote, ikabaki miguno. Dada mtu alifunga kibanda chake cha kushonea, akahamisha cherehani kwa kaka yake, akamtandikia kitanda katika chumba kile cha santuri, akamuuguza. Alimlisha kwa kijiko, alimgeuza, alimwosha. Binti yake, ambaye tayari alikuwa na familia yake, alikuja kumpokea siku za mwisho wa wiki.

Na Profesa alikuja. Watu walimsifu. Kila Jumatano alifika na koti lake refu, mvua isiwepo jua liwepo, akasema, "Dada, pumzika kidogo. Nitamwekea mwenzangu muziki." Alifunga mlango ili cherehani isiwasumbue, akapiga santuri moja au mbili. Mama Mapazia alimsikia akisimulia mle ndani, na juu ya sauti yake akamsikia kaka yake akiguna, akipigapiga ubavu wa kitanda kwa mkono wake mzima.

"Anakufurahia, Profesa," alimwambia akimpa chai. "Siku nyingine zote hapigi kitanda hivyo."

"Muziki, dada. Muziki unaamsha hata jiwe." Kisha, akivaa koti: "Ila tafadhali gramafoni usiiguse. Sindano yake ni laini, utamharibia. Nitampigia mimi mwenyewe."

Alimshukuru. Alimfungia hata chakula aende nacho nyumbani. Jambo hili, kumfungia chakula, ndilo lililokuja kumchoma baadaye kuliko yote.

Mwezi wa tano Profesa alisafiri kwa arusi ya mpwa wake. Jumatano ile Tarumbeta hakutulia. Alinyoosha kidole kwenye rafu, akamtazama dada yake, akanyoosha tena. Dada alimletea maji, akakataa. Alimletea mto, akautupa. Mwishowe yule mama alisema, "Haya, sindano ikivunjika tutanunua nyingine," akavuta jalada ambalo kidole kilikuwa kinalionyesha. Alilijua jalada lile, la buluu, lenye picha ya mpiga besi aliyefumba macho. Kaka yake aliwahi kusema wakimzika wamzike nalo. Alitoa santuri, akaiweka, akashusha sindano polepole kama anavyotunga uzi.

Ikatoka sauti ya mwanamke: "Somo la pili. Weka vidole vyako juu ya mashine ya taipu. Kidole kidogo, A. Kinachofuata, S."

Aliitazama gramafoni. Aliitoa, akavuta jalada lingine. Mahubiri. La tatu: tangazo la sabuni, wimbo mzima, na kwaya ya watoto wakitaja jina la sabuni ile. Alipogeuka, kaka yake alikuwa analia kwa jicho moja. Lile jingine liliona tu; machozi yake kiharusi kilishayakausha.

"Kaka. Ni yeye?"

Tarumbeta alifumba macho na kuyafumbua.

"Ulikuwa unamwona? Muda wote huo ulikuwa unamwona anatoa na kutia?"

Akafumba tena, na safari hii hakuyafumbua haraka.

Ndipo alipoelewa kwamba kule kupiga kitanda hakukuwa furaha. Ndugu yake alikuwa anapiga kelele kwa njia pekee aliyobakiwa nayo, na mwenye masikio alikuwa upande wa pili wa mlango, anapika chai ya mwizi.

Tarumbeta hakumaliza mwezi. Profesa aliwahi msibani kabla ya ndugu wengine. Alibeba jeneza upande wa kichwa. Akasimama mbele ya watu, akavua miwani, akasema kwamba santuri moja ikipasuka, wapenzi wote wa muziki hupungukiwa. Watu walijifuta macho. Mama Mapazia alimtazama shingoni, pale penye kola, akawa anafikiria mkasi wake mkubwa, ule wa kukatia turubai.

"Mama, mwachie Mungu," binti yake alimwambia usiku ule, alipokwisha kusimuliwa.

"Mungu ana kazi nyingi. Hii naiweza."

"Nenda polisi basi."

"Niende niseme nini? Watauliza, kimeibiwa nini? Majalada haya hapa, yote yamejaa. Kila moja lina santuri ndani. Watanicheka mpaka wabebane."

Kweli, ushahidi haukuwepo. Santuri haina jina la mwenyewe. Wala yeye hakutaka Profesa akae rumande siku mbili kisha atoke na huruma za watu. Alitaka jambo ambalo yule bwana angekuwa nalo kila siku. Alitaka alale akiwa analiona dari, kama kaka yake alivyoliona.

Akaanza kwa kusema uongo. Alimwambia Mwenyekiti, akijua maneno yatafika, kwamba ameondoa santuri zote za marehemu, amempa mchuuzi mmoja mpita njia, kwa sababu zilikuwa zinamtia simanzi. Profesa mwenyewe alikuja kumpa pole kwa hilo.

"Umefanya vizuri, dada," alisema, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo. "Vitu vya marehemu vinatesa walio hai."

"Ndivyo walivyoniambia," alijibu, akamkaribisha chai. Aliimimina bila kutikisa kikombe. Santuri zote wakati huo zilikuwa nyumbani kwake, chini ya kitanda na katika kila pembe, zimefunikwa marobota ya vitambaa.

Kisha akaanza kwenda Jumapili. Mwanzo wanaume wale walimpisha kiti wakidhani amekuja kumkumbuka kaka yake. Alibeba CD za kwenye vibanda vya barabarani, zile ambazo jalada lake limetolewa nakala mpaka sura ya mpiga tarumbeta imekuwa doa. Walimcheka kwa upole. Yule muuza miwani alimpa CD nzuri kwa zake mbili mbovu, kwa kumhurumia tu. Wiki zikapita, miaka ikapita. Akajifunza kushika santuri kwa kingo, kuielekeza kwenye mwanga kutafuta mikwaruzo. Na kitu ambacho hakukitarajia kikamtokea: muziki ulimwingia. Siku moja wakipiga kipande cha besi peke yake, alijikuta amesahau kumchukia Profesa kwa muda wa wimbo mzima. Ilimwudhi sana. Alirudi nyumbani, akavuta yale majalada chini ya kitanda, akasikiliza somo la taipu tangu mwanzo hadi mwisho, ili chuki irudi mahali pake.

Mwindaji hujifunza mnyama wake anakula nini. Profesa alikuwa na njaa moja, na hakuificha. Zamani, kabla hata ya wao kuzaliwa, bendi ya hoteli ya stesheni ilirekodi santuri moja tu. Ilikuwa ya zile za kale, nzito, zinazovunjika kama sahani, yenye karatasi nyekundu katikati. Zilitengenezwa chache, ghala likaungua, na bendi ikasambaratika. Kila mzee wa jazi alikuwa amesikia habari za Nyekundu. Hakuna aliyekuwa ameisikia yenyewe. Profesa alidai baba yake aliwahi kuipiga akiwa yeye mdogo, na kwamba tangu hapo muziki mwingine wote alikuwa anausikiliza akiitafuta ile.

"Ningetoa jino," alisema Jumapili moja.

"Jino moja?" Mama Mapazia akauliza, na watu wakacheka.

Mama Mapazia hakuitafuta. Ilimjia kupitia kazi yake. Bibi mmoja mzee sana alimwita kumpimia madirisha, kwa sababu jua la asubuhi lilikuwa linachubua rangi ya piano. Mama Mapazia alipanda stuli, akapima, akashuka. Ukutani palikuwa na picha ya vijana wenye tai za kipepeo, na mmoja wao alikuwa ameegemea piano ileile.

"Huyu ni mume wangu," bibi akasema. "Alipiga hotelini, kule stesheni."

Utepe ulimponyoka Mama Mapazia.

Alirudi pale mara nyingi kuliko mapazia yalivyohitaji. Bibi alikuwa peke yake, anapenda mtu wa kuongea naye, na Mama Mapazia, ukitoa jambo lile moja, bado alikuwa mtu mwema. Alimkatia kucha. Alimsomea dawa zake. Siku ambayo bibi alifungua kasha la karatasi za noti za muziki na kutoa santuri iliyozungushiwa foronya, karatasi yake ya katikati ilikuwa nyekundu. Waliipiga. Nyuma ya mchakacho kama wa mafuta kikaangoni ikatoka bendi changa, yenye haraka, kisha wenzake wakamwachia mpiga piano, naye akaenda peke yake, mkono wa kushoto ukitembea, wa kulia ukicheka. Mama Mapazia alilia bila aibu.

"Watoto wangu wako mbali, na wataitupa," bibi alisema. "Chukua wewe. Wasikilizishe wale wenzako wa Jumapili. Sitaki mikono ya mume wangu ilale kwenye foronya."

"Nitawasikilizisha, bibi."

Wakati anasema hivyo alikuwa anamaanisha, na ni haki isemwe.

Jumapili iliyofuata alimwita Mwenyekiti pembeni, akampigia upande mmoja, mlango umefungwa. Mzee wa watu alikaa chini. Aliomba ainakili kwenye CD palepale, kabla hakijatokea chochote. "Subiri kidogo," Mama Mapazia alimwambia. "Kwanza nataka kubadilishana. Ikishapata mwenyewe mtanakili mnavyotaka." Mwenyekiti alikubali kwa shingo upande, na habari zikatoka mle ndani kama moshi.

Kesho yake, mapema, Profesa alikuwa mlangoni kwake na mfuko wa matunda.

"Dada, sema unachotaka."

"Unafikiri ina thamani gani, kaka yangu?"

"Usinitese. Chagua chochote kabatini mwangu. Nina za toleo la kwanza, majalada hayana hata kunyanzi."

"Majalada niyapeleke wapi? Nyumba yangu imejaa vitambaa. Mimi sikusanyi picha, nasikiliza tu. Nipe zile ambazo hazina majalada, zilizo kwenye bahasha za karatasi. Kila mtu anazo za namna hiyo."

Profesa alimtazama kwa makini. Mama Mapazia aliendelea kutunga uzi, mdomo wazi kidogo, kama mwanamke asiyejua lolote zaidi ya pindo. Na yule bwana, kwa miaka yote, hakuwahi kumwona kuwa zaidi ya hapo. Santuri isiyo na jalada kwa wakusanyaji ni nusu ya santuri. Zile za Tarumbeta hakuweza hata kuzipiga mbele ya watu. Mtu anakuondolea takataka, tena anakupa dhahabu!

"Ngapi?" akauliza.

"Zote ulizonazo. Nyekundu ni moja duniani, hata mimi naelewa."

"Zote," alisema Profesa, na mkono wake ulikuwa umeshanyooka.

Mama Mapazia hakuupokea. "Jumapili. Mbele ya Mwenyekiti. Nami ni mwanakundi, nataka ifanyike kwa sheria."

Jumapili ile chumba kilijaa. Walikuja hata watu ambao walikuwa wameacha kuja. Nyekundu ililala mezani juu ya kitambaa cheusi ambacho Mama Mapazia alikipiga pindo kwa ajili hiyo. Profesa aliingia na sanduku, amenyoa, amevaa tai. Wakapeana mikono, Mwenyekiti akasema, "Mali imehama." Profesa akaanza kuiendea meza.

"Ngoja, kaka," Mama Mapazia akasema. "Ngoja nihesabu zangu kwanza. Binti yangu, leta."

Binti yake alitoka uani na begi la nguo. Mama Mapazia akalifungua, akatoa jalada la buluu. Mpiga besi aliyefumba macho. Ndugu wa duka la rangi akanong'ona, "Hilo si la Tarumbeta?" Kila mtu pale alilijua, walikuwa wamelitazama Jumapili nyingi likitoka kwenye taulo.

Mama Mapazia alisogea mezani. Alifungua sanduku la Profesa, akapekua bahasha za karatasi, akatoa santuri moja, akaiweka karibu na jalada ili watu wasome maandishi ya kati: bendi ileile, namba ileile. Kisha akatia mkono ndani ya jalada, akatoa iliyokuwemo.

"Hii ni yako, Profesa. Masomo ya taipu."

Akaiweka mbele yake. Santuri ya kweli ikaingia jaladani mwake, ikateleza kama mguu kwenye kiatu chake. Akatoa jalada la pili.

"Hii nayo ni yako. Mahubiri. Yangekufaa ungeyasikiliza."

La tatu. "Tangazo la sabuni."

La nne, la tano. Kila jalada lilipata santuri yake kutoka kwenye sanduku la Profesa, na kila mara takataka iliyokuwemo ilirudi mbele ya mwenyewe, rundo likapanda. Dereva mstaafu alisimama akiwa hajui anasimama kwa nini.

"Alikuwa hawezi kusema," Mama Mapazia alisema, na sauti yake, waliokuwepo wanasema, ilikuwa ndogo kabisa. "Alikuwa kitandani anatazama. Huyu bwana anamtolea mbele ya macho yake, anamtilia takataka, huku anamwelezea habari za saksafoni. Kaka yangu anapiga kitanda. Mimi nawapikia chai."

"Mwizi," akasema muuza miwani. Kisha wengine. Mwenyekiti alijifunika uso. Yalikuwa yamemfika Profesa yote ambayo mtu angeweza kumwombea: urafiki wa miaka umekwisha, jina limekwisha, na watu aliowataka wamsikilize sasa hawataki hata kumtazama.

Kama Mama Mapazia angeishia pale, hadithi yake ingesimuliwa kwa vigelegele. Lakini alimtazama Profesa usoni kutafuta maumivu, na hakuyaona. Yule mtu hakuwa anaangalia lile rundo, wala watu. Alikuwa anaitazama Nyekundu. Alilamba midomo, akasema polepole, kama mtu anayemkumbusha karani kosa dogo:

"Hata hivyo, tulipeana mkono."

Watu walimzomea. Yeye alinyoosha vidole.

"Sheria ni sheria, Mwenyekiti. Zangu nimetoa. Mali imehama."

Hapo ndipo Mama Mapazia alipojua kwamba aibu aliyoipika kwa miaka ilikuwa imempitia yule bwana kama maji juu ya jani la myugwa. Angekwenda nyumbani na fedheha yake pamoja na Nyekundu, au bila Nyekundu lakini akijua ipo, itapigwa, itanakiliwa, na mwisho ingemfikia tu, kwa CD, kwa simu, kwa dirisha la jirani. Angeisikia, angefumba macho kwa raha.

Aliinyanyua kwa kingo, kama walivyomfundisha. Profesa alidhani anapewa. Mikono yote miwili ilikuja mbele. Mama Mapazia akaigonga kwenye ukingo wa meza.

Haikuvunjika vipande viwili, ilimwagika. Profesa alitoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwa mtu mzima, akapiga magoti, akaanza kuokota. Mama Mapazia alisimama juu yake, akahisi kitu kikimfunguka kifuani, kikubwa, kitamu. Atakuambia mwenyewe, hajawahi kuhisi raha kama ile, wala siku ya arusi yake.

"Sasa lala nayo," alisema.

Alipoinua macho kutafuta wenzake, hawakuwa wake tena. Muuza miwani alikuwa amekwenda dirishani, amewapa mgongo. Ndugu wa duka la rangi walikuwa wanautazama mlango. Mwenyekiti alikuja polepole, akasukuma kipande kimoja kwa ncha ya kiatu, akasema:

"Yeye alimwibia mtu mmoja. Wewe umetuibia sote."

"Mlikuwa mnamwita rafiki."

"Ndiyo. Na wewe tulikuita dada."

Mama Mapazia akabeba begi lake, yeye na binti yake wakaondoka. Hakurudi tena nyuma ya studio ile, na hakuna aliyemwita.

Kwa bibi alikwenda siku ya tatu, kwa sababu alijua asipokwenda maneno yatamtangulia. Alimweleza yote, tangu kiharusi, tangu chai. Bibi alisikiliza mikono ikiwa juu ya kifuniko cha piano. Mapazia mapya yalikuwa yamefungwa, na chumba kilikuwa kizuri kwa kivuli.

"Nilikupa ukawasikilizishe," bibi alisema mwishowe.

"Ndiyo, bibi."

"Waliisikia?"

"Mmoja. Upande mmoja."

Bibi alitikisa kichwa, akaanza kukuna tone la nta lililoganda juu ya mbao. "Hasira yako ilikuwa na haki, mwanangu. Ningekuwa mimi ningemwagia uji wa moto. Lakini mikono ile haikuwa ya kwako, wala ya huyo bwana wako." Hakupaza sauti. Alimwomba tu amfungulie pazia upande mmoja kabla ya kuondoka, na asirudi.

Profesa aliuza makabati yake yote, pamoja na santuri, kwa mtu wa mbali ambaye hakumwuliza jina. Binti wa Mama Mapazia alimwona sokoni mara moja, tai hana, mnyororo wa miwani umekatika amefunga uzi. Watu wa nyumbani kwake walisema halali vizuri, anaamka anauliza kama kuna mtu anapiga piano. Mama Mapazia alipopelekewa habari hizo alizipokea kama mtu anayepokea mzigo alioagiza. Alimtaka binti yake azirudie, hasa ile ya piano.

Alirudi kwenye kibanda chake. Alipata kazi ya hoteli mpya, madirisha mengi, vitambaa vizito vinavyovunja sindano. Jioni alipiga santuri za kaka yake kwa zamu, sauti ikiwa juu, kama mwenyewe alivyokuwa anaongea. Alicheka tena, ila si mpaka kushika ukuta.

Binti yake alimwuliza siku moja, wakikunja kitambaa cha hoteli, kila mmoja amekamata ncha zake, wanakutana katikati na kuachana. "Mama, ungefanya tena?"

Mama Mapazia alinyoosha kitambaa chake kwanza.

"Kwa yule bwana, kesho asubuhi. Kwa yule bibi, hapana." Akampa mwenzake ncha mbili. "Ubaya wake, santuri ilikuwa moja. Vuta huko, bado kuna kunyanzi."